Wekundu wa Choya na Wekundu wa Damu

Mtu akisimama barabarani huko Kimali, mkoani Simiyu, mwezi wa Mei mvua zikikaribia kukatika, aweza kuwaona jamaa watatu wa ukoo mmoja bila ya kugeuza shingo sana. Wa kwanza ni haibiskasi, lile ua jekundu lenye ulimi mrefu uchomozao katikati, ambalo aghalabu hupandwa kuwa uzio mbele ya ofisi na nyumba za walimu. Wa pili ni choya, ambayo akina mama huiotesha pembezoni mwa bustani za mboga. Wa tatu ni pamba, ambayo huku Usukumani haihitaji kutambulishwa kwa mtu yeyote. Akipiga hatua chache zaidi atakuta bamia na mlenda, na akiinua macho ataona mbuyu. Hao nao ni wa ukoo huo huo.

Wanafunzi wa kidato cha tatu niliozungumza nao walikataa katakata kwamba pamba na haibiskasi ni ndugu. Nami sikubishana nao. Niliwapa ua la pamba, ua la bamia na ua la haibiskasi, nikawaomba wayapasue kwa wembe na kutafuta kitu kimoja kinachofanana katika yote matatu. Haikupita robo saa wakakiona: stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, hazikusimama kila moja peke yake, bali zimeungana zikafanya mrija, na ndani ya mrija huo ndimo unamopita mtindo wa kiungo cha kike. Hiyo ndiyo alama ya ukoo wa Malvaceae. Mbuyu, msufi na mlenda vilikuwa vikiwekwa katika koo nyingine hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, ambapo uchunguzi wa DNA uliwafanya wataalamu waziunganishe koo hizo kuwa moja. Walimu wanaotumia vitabu vya zamani na wasishangae wakikuta majina ya Bombacaceae na Tiliaceae humo. Vitabu hivyo havikukosea kwa wakati wake.

Jenasi ya Hibiscus peke yake ina spishi zaidi ya 200. Ile ya bustanini Linnaeus aliiita Hibiscus rosa-sinensis mwaka 1753, maana yake waridi la Uchina, na jina hilo limetufanya tuamini kwamba ua hili lote ni mgeni kwetu. Kumbe sivyo. Katika misitu ya pwani ya Kenya, Tanzania na kaskazini ya Msumbiji huota Hibiscus schizopetalus, ambayo ua lake huning'inia kwa kikonyo chembamba na petali zake zimechanikachanika kama ncha za mtandio. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar katika karne ya 19, aliipeleka Ulaya, nayo ikachanganywa na ile ya Asia. Haibiskasi nyingi za rangirangi zinazouzwa leo katika vitalu vya miche zina damu ya mmea wetu huu. Kuna pia Hibiscus cannabinus, ambayo huota yenyewe katika udongo mweusi wa mbuga na kung'olewa kama magugu, ingawa katika nchi nyingine hulimwa kwa ajili ya nyuzi zake.

Lakini makala haya hayahusu uzuri wa maua. Nataka kusema juu ya choya, Hibiscus sabdariffa, na juu ya kosa ambalo mimi mwenyewe nimelitenda.

Miaka sita iliyopita nilimpelekea shangazi yangu, aishiye si mbali na Kimali, bahasha ya mbegu za choya nilizozinunua sokoni Dodoma. Nilikuwa nimeizoea choya nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu huko Uingereza, ambako mwenzangu mmoja kutoka Sudani alikuwa akinikaribisha chumbani kwake kila Ijumaa kunywa karkade, ambayo ni choya hiyo hiyo kwa jina la kwao. (Wasenegali huiita bissap, Wanaijeria zobo, na watu wa Mexico huiita jamaica kana kwamba ilizaliwa kisiwani humo.) Shangazi aliniuliza choya ina faida gani. Nami, nikiwa na haraka ya kuondoka, nikamjibu sentensi moja ambayo kila mtu huisema: "Shangazi, hii ina madini ya chuma, inaongeza damu."

Sentensi hiyo ilipandwa pamoja na mbegu, tena ikaota vizuri zaidi kuliko mbegu zenyewe.

Miaka mitatu iliyopita mjukuu wa shangazi huyo, msichana wa miaka 12 aliyekuwa darasa la sita, alianza kuchoka. Alikuwa akisinzia darasani, akihema akipanda kilima, na viganja vyake vikawa vyeupe. Nyumbani walisema amepungukiwa na damu, na hapo hawakukosea hata kidogo. Wakamnywesha choya asubuhi na jioni kwa muda wa miezi mitatu. Katikati ya muda huo mtoto alimwambia mama yake kwa aibu kwamba mkojo wake ni mwekundu. Mama akamtuliza: ni choya hiyo, inapita.

Nilipofika likizo na kumwona mtoto nilishituka, nikauliza mbona hajapelekwa kupimwa. Mama yake alinitazama kwa mshangao usio na ukali wowote. "Shemeji," akasema, "si wewe uliyetuambia inaongeza damu?"

Alipopimwa, himoglobini yake ilikuwa gramu 6.1 kwa desilita, ilhali msichana wa umri wake hutarajiwa kuwa na 12 au zaidi. Alikuwa na safura, na alikuwa na kichocho cha mkojo. Wekundu ule ulikuwa damu yake mwenyewe iliyokuwa ikitoka kidogo kidogo kila siku, nasi tulikuwa tumeufunika kwa wekundu wa choya. Aliongezewa damu, akapewa dawa ya minyoo, prazikwanteli ya kichocho, na vidonge vya madini ya chuma. Alipona. Najua wako waliochelewa kuliko yeye.

Ndugu msomaji, naomba tuutazame huo wekundu kwa utulivu, kwa maana hapa ndipo sayansi inapoweza kutusaidia.

Damu ni nyekundu kwa sababu ya himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Kila molekuli ya himoglobini ina sehemu nne ziitwazo himu, na katikati ya kila himu imekaa atomu moja ya chuma. Choya ni nyekundu kwa sababu nyingine kabisa. Rangi yake hutokana na antosiani, jamii ya rangi ambazo mimea huzitumia katika maua na matunda, nazo hazina chuma hata chembe. Zimeundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Mwanafunzi aweza kulithibitisha jambo hili bila maabara. Aloweke choya kavu katika maji ya moto, ayagawe maji hayo katika glasi tatu, moja aiache kama ilivyo, ya pili aitie maji ya limao, na ya tatu aitie magadi, yale yale yanayotiwa katika mlenda. Ya limao itabaki nyekundu na pengine itang'aa zaidi. Ya magadi itageuka zambarau, kisha buluu au kijani. Basi na ajiulize kama amewahi kusikia damu iliyogeuka kijani kwa kutiwa magadi.

Tena antosiani zikinywewa, sehemu ndogo mno, chini ya asilimia 1, ndiyo hutokea katika mkojo zikiwa bado zenyewe. Haziwezi kuufanya mkojo uwe mwekundu. Mkojo mwekundu katika nchi ya malambo na madimbwi ni kichocho mpaka kipimo kiseme vinginevyo. Wazazi na watoto huko Usukumani wanapaswa kulijua jambo hili kabla ya kujua jina la Kilatini la mmea wowote.

Je, hamna chuma katika choya? Kimo. Hapa ndipo lawama inapotuangukia sisi tunaojiita wataalamu. Tunachukua choya kavu, tunaichoma iwe majivu, tunapima chuma, kisha tunaandika katika majedwali kwamba gramu 100 za choya zina miligramu kadhaa. Jedwali hilo ni la kweli. Lakini nani anakula gramu 100 za choya kavu? Mtu hutia kiasi cha kiganja katika maji, hukamua, na masalio huyatupa. Hayo majani yanayotupwa hubaki na sehemu ya madini, na yale yaliyoingia katika kikombe hukutana na polifenoli, kemikali za mmea ambazo huweza kulishika chuma na kulizuia lisifyonzwe tumboni, kama chai ya rangi ifanyavyo. Isitoshe, choya iliyoanikwa chini hubeba vumbi la udongo, na udongo wetu una chuma kingi. Kwa hiyo kipimo kikubwa cha chuma chaweza kuwa sifa ya uwanja ilikoanikwa, wala si ya mmea. Halafu watu kama mimi tunatoka na sentensi moja tu, fupi na tamu, na kuiacha kijijini.

Ili kuona ukubwa wa tofauti, Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba mama mjamzito apewe kila siku miligramu 30 hadi 60 za chuma katika vidonge, kwa kuwa ujauzito mmoja huhitaji jumla ya miligramu zipatazo 1,000. Hakuna kikombe cha choya kinachoikaribia hesabu hiyo.

Mwalimu mmoja wa kemia, kijana hodari, alinipinga nilipoyasema haya. Alisema choya ina asidi nyingi na vitamini C, na kwamba vitu hivyo husaidia chuma cha mboga na maharage kufyonzwa. Hoja yake ni sahihi, wala sitaki kuipunguza. Asidi hufanya kazi hiyo. Lakini vitamini C huharibika kwa jua na kwa moto, na choya yetu huanikwa juani kisha huchemshwa. Kwa hiyo inayobaki ni kidogo kuliko inavyodhaniwa. Kwa upande mmoja asidi inasukuma, kwa upande wa pili polifenoli inavuta, na mshindi hujulikana kwa vipimo tu, si kwa rangi ya glasi. Tulikubaliana hapo, ingawa naona bado hakuridhika.

Jambo lililo kubwa zaidi ni kwamba upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Huko Kanda ya Ziwa waweza kuletwa na malaria, ambayo huzivunja chembe nyekundu, na safura, ambayo hunyonya damu utumboni, na kichocho, na uzazi wa karibu karibu, na lishe duni, na siko seli. Juu ya siko seli tunazo takwimu za kutisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulipima sampuli za damu zaidi ya 17,000 za watoto wachanga wa kanda ya kaskazini-magharibi ya Tanzania katika maabara ya Bugando, Mwanza, ulikuta kwamba mtoto mmoja kati ya watano amebeba kinasaba cha siko seli, na asilimia 1.2 wana ugonjwa wenyewe. Katika darasa la wanafunzi 50, basi, yamkini 10 wamebeba kinasaba hicho. Mtoto mwenye siko seli hakupungukiwa na chuma. Himoglobini yake imeumbwa kwa namna tofauti. Hata tungalimpa chuma halisi tusingalimponya, na chuma kikizidi mwilini mwake chaweza kumdhuru. Sasa mtoto wa namna hiyo akipewa choya miezi mitatu, tumemsaidia nini zaidi ya kumchelewesha?

Huko Ulaya ya karne ya 16 waganga waliamini kwamba Mungu ametia alama katika kila mmea kuonyesha kazi yake: tunda linalofanana na ubongo litatibu kichwa, na mzizi mwekundu utatibu damu. Tunapowasomesha wanafunzi historia ya sayansi huwa tunaicheka imani hiyo. Kisha tunakwenda nyumbani na kumpa mgonjwa choya, bitiruti, na kila kinywaji chekundu kilichopo dukani.

Nisije nikaeleweka vibaya. Simwambii mtu aache choya. Mimi mwenyewe naipenda, na shangazi angali anailima. Tena kuna jambo moja la kiafya ambalo limepimwa kwa uangalifu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu wazima 65 ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limepanda kidogo. Nusu walikunywa vikombe vitatu vya choya kila siku kwa wiki sita, na nusu nyingine walikunywa kinywaji cha kufanana nacho kisicho choya. Shinikizo la juu lilishuka kwa wastani wa pointi 7.2 kwa waliokunywa choya, na 1.3 kwa wale wengine. Si muujiza, ila ni faida. Lakini tazama inavyotupasa kuwa waangalifu: kinywaji kinachoshusha shinikizo la damu chaweza kumletea kizunguzungu mtu ambaye tayari anatumia dawa za shinikizo, au mgonjwa dhaifu ambaye shinikizo lake liko chini. Mgonjwa wa namna hiyo ndiye hasa tunayemkazania anywe ili "aongeze damu".

Kuna fundisho jingine kutoka Sudani. Mwaka 1994 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba watu waliomeza klorokwini pamoja na karkade walipata kiasi kidogo cha dawa hiyo katika damu yao kuliko waliomeza kwa maji. Klorokwini iliondolewa katika matibabu ya kawaida ya malaria hapa Tanzania mwaka 2001, hivyo jambo hilo halitugusi tena moja kwa moja. Lakini linatosha kutufundisha kwamba dawa na imezwe kwa maji, na choya isubiri saa yake.

Na sufuria! Maji ya choya yana uchachu mkali, pH yake ni kama 2.5, sawa na maji ya limao. Uchachu huo hula alumini. Aliyechemsha choya katika sufuria ya alumini ataona ndani yake pameng'aa kama pamesuguliwa kwa mchanga, na kile kilichosuguliwa ameshakinywa. Tumia chungu, au chombo cha enameli kisichobanduka, au chuma kisichoshika kutu.

Sasa niseme kidogo juu ya kilimo chake, maana walimu wengi wa bustani za shule wameniuliza. Choya hupandwa kwa mbegu moja kwa moja shambani, mbegu mbili au tatu kwa shimo, kisha hupunguzwa ubaki mche mmoja, na nafasi kati ya miche iwe karibu mita moja, kwa kuwa mmea huu hupanuka. Hupenda udongo usiotuamisha maji. Kwa hiyo luseni huifaa kuliko mbuga. Palizi ya wiki sita za mwanzo ndiyo huamua mavuno. Wakati wa kupanda ni jambo ambalo wengi hukosea. Choya ni mmea wa siku fupi, yaani huchanua pale urefu wa mchana unapopungua kiasi fulani. Katika nchi zilizo mbali na ikweta hungoja majira yabadilike. Simiyu iko kiasi cha nyuzi tatu tu kusini ya ikweta, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi kwa mwaka mzima haizidi sana dakika 20. Mmea hauna cha kuungoja. Ukiupanda umechelewa, utachanua ungali mdogo na kutoa vikombe vichache. Basi na upandwe mvua za kwanza zinapotulia, ili upate mwili kabla ya kuzaa.

Wanafunzi pia na waelewe kwamba kile tunachokiita "maua ya choya" si maua. Ua lenyewe ni la rangi ya manjano hafifu lenye jicho jekundu iliyoiva ndani, na hunyauka siku ile ile lilipochanua. Kinachobaki ni sepali, kile kikombe cha nje cha ua, ambacho hunenepa na kuwa chekundu kikilifunika tunda changa. Huchumwa wiki tatu hivi baada ya ua kuanguka, kingali kinakatika kwa mkono. Kilo kumi za vikombe vibichi hutoa takribani kilo moja kavu, na vianikwe juu ya kichanja, si chini. Nayasema haya kwa sababu nilipata kuona petali za haibiskasi ya uzio zikichemshwa na watoto kwa imani kwamba ni choya. Haikuwadhuru, lakini walikunywa maji ya rangi tu. Haibiskasi ya uzio hupandwa kwa vipandikizi, tena nyingi hazizai mbegu kabisa. Hiyo ni njia mojawapo ya kuzitofautisha. Mbegu za choya zina protini na mafuta, na Wasudani huzichachusha wakatengeneza furundu, kiungo kinacholiwa mahali pa nyama. Sijawahi kukutana na mtu wa kwetu aliyejaribu.

Kuna tahadhari moja ambayo katika mikoa mingine ningeipita haraka, lakini katika Simiyu siwezi. Undugu ule niliouanza nao una gharama yake. Wadudu wa pamba hawasomi mipaka ya shamba. Kangambili, yule mdudu mwekundu mwenye mabaka meusi, hufyonza mbegu za pamba na kuingiza vimelea vya ukungu vinavyochafua nyuzi zikawa za manjano. Naye hula vile vile mbegu za choya, za bamia na hata za mbuyu. Funza wa vitumba hali kadhalika hana uchaguzi. Kanuni ya pamba ya kung'oa na kuchoma masalia baada ya mavuno imekusudiwa kuwanyima wadudu hawa chakula wakati wa kiangazi. Mkulima akichoma pamba yake vizuri, kisha akaiacha choya imesimama na mbegu zake hadi Oktoba, amewawekea wadudu ghala. Kwa hiyo shule yenye bustani ya choya iing'oe ikishachumwa, siku ile ile ya kung'oa pamba. Kazi iliyofanywa na vituo kama Ukiriguru kutupatia mbegu za pamba kama UK91 na UKM08 isiharibiwe na bustani ya nyuma ya jikoni.

Rai yangu kwa walimu ni hii. Bustani za shule, ambazo tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 zimekuwa zikitazamwa kama mahali pa jembe na adhabu, ziingizwe katika somo. Choya moja yatosha kufundisha ukoo wa mimea, sehemu za ua, asidi na besi, urefu wa mchana, na himoglobini. Na katika kipindi hicho hicho mwalimu awaulize wanafunzi wangapi wamewahi kuona mkojo mwekundu, si kwa kunyoosha mikono mbele ya wenzao, bali kwa vipande vya karatasi visivyo na majina. Nimefanya hivyo katika shule moja. Nilizihesabu karatasi mara mbili, kisha nikamfuata mwalimu mkuu ofisini kwake.

Mwalimu mkuu aliniambia neno ambalo bado nalifikiria. Alisema: "Daktari, ukiwaondolea watu imani hii hawatailima tena choya, nao watabaki bila choya na bila zahanati." Umbali wa huduma ni kweli, na mimi siishi kijijini, ni rahisi kwangu kumwambia mtu "nenda ukapime". Hata hivyo sioni namna ya kumwachia mama wa mtoto uongo kwa kuwa kweli iko mbali. Kama safari ya kwenda kupimwa ni ya siku nzima, basi angalau ajue kwamba inampasa kuifunga, wala asiahirishe safari hiyo miezi mitatu akidhani tiba anayo bustanini.

Shangazi nilimwambia mwenyewe. Nilikaa naye chini ya mwembe nikamweleza kwamba nilikosea. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama choya bado ni tamu. Nikasema ni tamu. Akasema basi ataendelea kuilima, na watu wakimwuliza ina faida gani atawaambia ina utamu.

Yule msichana sasa yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita aliniomba ruhusa afanye lile jaribio la magadi mbele ya darasa lake. Nilimpa mfuko wa choya ya bibi yake na kumwonya asiichemshe katika sufuria ya alumini ya mama yake. Akaniuliza ni kwa nini, nikamwambia akamwulize mwalimu wake wa kemia.